Sahani Zimo, Jiko Halimo: Kuisoma Upya Pate ya Al-Inkishafi

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tukiisha kuisoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wengi wetu hutoka na jibu moja kati ya mawili. Jibu la kwanza linasema kwamba huu ni utungo wa dini, unaomwonya binadamu asihadaike na dunia. Jibu la pili, lenye mizizi katika mtazamo wa kitabaka uliotawala uhakiki wetu miaka ya 1970 na 1980, linasema kwamba hiki ni kilio cha mabwana waliopotelewa na mali. Wa jibu la kwanza huandika kuhusu mauti, wa jibu la pili huandika kuhusu unyonyaji, na mtihani ukiisha sote tunafunga daftari.

Makala hii haikusudii kuyatupa majibu hayo, kwani kila moja lina ukweli wake. Ninachodai ni kwamba yote mawili yanaipita haraka nyumba yenyewe. Mshairi ametufungulia mlango wa jumba la Pate, akatuonyesha taa, kaure, vitanda, mito na marashi, lakini sisi tunakimbilia funzo. Hebu tukae kwanza humo ndani. Tukikaa tutaona jambo la ajabu: nyumba hii ina sahani lakini haina chakula. Ina vitanda, lakini mahaba ya waliolala juu yake hayasemwi. Kila kitu cha anasa kimo isipokuwa jiko.

Basi swali langu ni dogo, tena ni la mtu mwenye njaa: nani alipika? Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hili, ukilifuata hadi mwisho wake, linaeleza kwa nini shairi hili linajua sana kuomboleza na halijui kabisa kueleza sababu ya maombolezo hayo.

Pate na mali yake

Kwanza tuuone mji. Pate ni kisiwa katika funguvisiwa la Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya, na miji yake inayotajwa sana ni Pate, Siyu na Faza. Mji wa Pate ulitawaliwa na ukoo wa Nabahani, na katika karne ya 17 na ya 18 ulikuwa miongoni mwa miji yenye nguvu kabisa katika pwani hiyo. Majahazi yalipakia pembe za ndovu, boriti za mikoko, magamba ya kasa, ambari na watumwa. Yakarudi na vitambaa, tende, na vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina kwa kupitia masoko ya India na Ghuba. Pate yenyewe ilisifika kwa vitambaa vya hariri, na Wareno waliopita pwani hii waliviandika. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, na mtu akiitazama hahitaji kuambiwa kwamba mji uliopuliza pembe kama ile haukuwa mji wa kuombaomba.

Kisha mambo yakageuka. Yapata mwaka 1812 Pate, ikishirikiana na Wamazrui wa Mombasa, ilishambulia Lamu na ikashindwa vibaya katika ufuo wa Shela. Watu wa Lamu wakamwita Sayyid Said wa Maskati awe mlinzi wao, na mlinzi huyo hakuondoka tena pwani. Biashara ikajikusanya Lamu, halafu Unguja. Bandari ya Pate nayo haikuusaidia mji, maana maji yake ni mafupi na vyombo husubiri bahari ijae ndipo viingie. Kuna pia ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe katika nyumba ya utawala. Al-Inkishafi inakisiwa kutungwa katika miaka hiyohiyo, kati ya 1810 na 1820. Kwa hiyo mshairi wetu hasimulii magofu ya kale aliyoyasikia kwa babu. Anasimulia nyumba za watu aliowajua, au ambao baba yake aliwajua.

Nimeyataja haya mapema kwa makusudi, kwa sababu hakuna hata moja kati yake lililomo katika shairi. Tutalirudia suala hili.

Macho ya mshairi ndani ya nyumba

Sasa tuingie. Mshairi anauambia moyo wake uangalie jinsi matajiri wa Pate walivyoishi. Taa za kioo na za shaba zinawaka hata usiku unakuwa kama mchana. Kaure zilizochaguliwa zimepangwa, vikombe vimetiwa nakshi, na katikati yake yamewekwa mabirika ya kioo yanayong'aa. Kuna vitanda vyenye magodoro, na mito imewekwa pande mbili, kichwani na miguuni. Mito hiyo ina rangi ya kijani na imetariziwa. Vitambaa vimetandazwa juu, maji ya marashi yananyunyizwa, na harufu ya itri na kafuri imetanda. Wenye nyumba wanakandwa na kupepewa huku wanawake waliopambwa wakiwaimbia nyimbo za kubembeleza usingizi.

Hebu jiulize, ndugu msomaji: mtu anayetaka kutuambia tu kwamba dunia ni upuuzi anahitaji kujua mito ilikuwa ya rangi gani? Anahitaji kukumbuka kwamba birika liliwekwa katikati ya vikombe na si pembeni? Mhubiri mwingine angesema "walikuwa na mali nyingi" akaenda zake kaburini. Sayyid Abdalla haendi. Anakaa, anazunguka, anagusa. Hapa ndipo wasomaji wa jibu la kwanza wanapopungukiwa. Wameisikia sauti ya shehe, hawakuisikia sauti ya mtu anayeipenda nyumba. Wenzetu wanaosema anasa katika shairi hili imelaaniwa inabidi watueleze laana gani hii inayofuta vumbi kwenye vikombe kwa uangalifu namna hii.

Halafu linakuja pigo. Mshairi anatupitisha tena katika nyumba ileile baada ya wenyewe kufa. Vidaka vilivyopangwa sahani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu. Mahali pa vitanda pametandwa na utando wa buibui, na kumbi zilizojaa mazungumzo zimejaa nyenje. Mbinu hii ni rahisi na ndiyo siri ya nguvu yake: habadilishi mahali, anabadilisha wapangaji. Kila kiumbe kipya kinakaa palepale alipokaa au alipoweka kitu mwungwana. Ndiyo maana msomaji haogopi mauti kwa jumla. Anaumia kwa ajili ya kidaka kimoja anachokijua.

Nani anakula?

Lakini katika mizunguko yote miwili, wa neema na wa magofu, kuna sehemu moja ya nyumba ambayo hatufikishwi. Mshairi anatupitisha kumbini, anatuonyesha vidaka, anatuingiza vyumba vya ndani hadi pembeni mwa kitanda. Jikoni hatupandi.

Nasema "kupanda" kwa sababu katika majumba ya mawe ya Lamu na visiwa vyake jiko huwekwa juu, kwenye orofa ya mwisho chini ya makuti, mahali panapoitwa kidari cha meko. Moshi na harufu ya vitunguu hupaa angani, na vyumba vya chini hubaki na harufu ya udi. Orofa ya chini kabisa mara nyingi ilikuwa ghala na malazi ya watumwa. Kwa hiyo mwenye nyumba aliishi katikati: chini yake wamelala wanaofanya kazi, juu yake wanapika wanaofanya kazi, na yeye anaona sahani ikitokea imejaa. Ujenzi wenyewe ulimfundisha asione. Mshairi aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo anapotazama hutazama kwa macho ambayo nyumba imempa.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwamba namdai mshairi kitu ambacho utanzu wake hauruhusu, kwamba tungo za kidini hazielezi pilau. Hoja hii ina uzito, lakini si kwamba ushairi wa pwani ya kaskazini haukujua kuzungumza chakula. Tumbuizo zinazonasibishwa na Fumo Liongo, ambazo jopo la wataalamu akiwamo Abdilatif Abdalla na Ahmed Nabahany walizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 2004, zina mlo, zina kinywaji, zina tambuu, na zina mwanamke anayesifiwa palepale anapomwandalia mumewe. Humo mahaba na chakula vinakaa mkeka mmoja. Kwa hiyo msamiati ulikuwapo na mifano ilikuwapo. Sayyid Abdalla alichagua vyombo akaacha kilichomo.

Tena si kweli kwamba hakuna anayekula katika Al-Inkishafi. Yupo. Baada ya matajiri kushushwa kaburini, wadudu wanawatafuna. Mchwa na siafu wanawaharibu, nyoka wanawazonga, na usaha unawatoka. Nadhani hapa ndipo mahali panapotisha kuliko pote katika shairi, na sijaona mhakiki wa darasani kwetu akipasimamia. Chakula kilichofichwa kwenye sahani zote zile hatimaye kinaletwa mezani, na chakula chenyewe ni mwenye sahani. Waliokuwa wakiandaliwa wameandaliwa. Kama mshairi angetueleza wali na samaki na asali ya Pate mapema, pigo hili lingepungua. Kwa upande wa fani, basi, kukosekana kwa chakula ni ushindi.

Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, ushindi huo una gharama yake. Chukua sahani moja tu ya wali wa nazi. Mpunga au nafaka nyingine ililimwa, na mashamba mengi ya watu wa visiwa hivi yalikuwa ng'ambo, bara, yakilimwa na watumwa. Nafaka ikavushwa kwa mashua. Ikatwangwa kinuni, ikapepetwa kwa ungo, ikachaguliwa chuya moja moja. Nazi ikafuliwa, ikavunjwa, ikakunwa kwenye mbuzi. Tui likakamuliwa kwa kifumbu, la kwanza zito na la pili jepesi, na kila moja likawa na wakati wake wa kutiwa chunguni. Kuni zikachanjwa. Maji yakatekwa kisimani yakapandishwa ngazi hadi juu ya paa. Hiyo ni sahani moja ya mtu mmoja wa siku moja. Kaure ya Uchina ilisafiri mbali na kwa hiyo ikaonekana ni ajabu. Wali ulisafiri ngazi mbili na mikono sita, na hiyo haikuwa ajabu kwa yeyote aliyeshika kalamu.

Mwana Kupona: mahaba kama kazi

Kwa bahati njema kisiwa hichohicho kimetuachia sauti ya pili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa shehe wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na anaanza kwa kumwita mtoto aje na wino na karatasi. Huu utenzi unajulikana sana, na pia unachukiwa sana. Katika semina zetu dada zetu hawaupendi hata kidogo, nami siwalaumu: mke anaambiwa amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema, na radhi ya mume inafungamanishwa na pepo ya mke.

Hata hivyo naomba tuusome kwa jicho lingine, kama ushahidi. Kile ambacho Al-Inkishafi inakionyesha kimekamilika, Mwana Kupona anakionyesha kinatengenezwa. Katika shairi la kwanza harufu nzuri ipo tu chumbani. Katika utenzi wa pili harufu hiyo ina mtu na ina saa: mke avukize udi na ambari asubuhi na jioni. Kule bwana amelala na anakandwa. Hapa binti anafundishwa jinsi ya kumkanda, jinsi ya kumnyoa na kumtengeneza ndevu, asimwamshe, na akiamka asimcheleweshee chakula. Hata mapambo ya mwili wa mke, hina, wanja, vikuku na pete, yameorodheshwa kama wajibu. Tumezoea kusema kwamba utenzi huu unafundisha utii. Ni kweli. Lakini pia unatuambia kwamba raha ya mwungwana ilikuwa kazi ya mtu, tena kazi isiyo na siku ya mapumziko. Hakuna mwanamume wa Pate aliyetuambia hivyo.

Na mahaba je? Wengine wanadai hayamo, kwamba huu ni mkataba wa utumishi tu. Mimi naona yamo, ila hayasemwi kwa lugha tuliyoizoea sisi tuliokulia kwenye nyimbo za redio na riwaya za mapenzi. Mwana Kupona anamkumbuka marehemu mumewe kwa upole, anasema waliishi vizuri hadi mauti yalipowatenga. Mapenzi yake yako katika kujua: kujua mtu analala saa ngapi, anapenda nini, ngozi yake inataka nini. Mito ya kijani ya Sayyid Abdalla ni mizuri lakini haina mtu. Ndevu za Bwana Mataka zina mtu.

Lakini Mwana Kupona naye anasimama mlangoni mwa jiko. Anasema chakula kisicheleweshwe, hasemi nani alikiivisha. Na mahali anapowataja watumwa, anamwonya binti yake asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Sentensi hiyo moja inatosha kutuambia kwamba walikuwamo, siku zote, karibu kiasi cha kuhitaji onyo. Pazia limefunguka kidogo halafu limefungwa.

Jiko na sababu

Sasa nirudi kwenye jambo nililoliacha: kwa nini vita vya Shela, Wamazrui, Maskati na bandari yenye maji mafupi havimo katika Al-Inkishafi?

Jibu la haraka ni kwamba mshairi anahubiri mauti ya wote na si historia ya mji mmoja. Mimi nadhani kuna jibu la ndani zaidi, na linapitia jikoni. Mtu anayeona sahani imejaa bila kuona aliyeijaza atauona pia mji umejaa bila kuona kilichoujaza. Kwake neema inatokea tu, kwa hiyo na kuondoka kwake kutakuwa ni kuondoka tu. Leo taa zinawaka, kesho popo. Katikati hakuna tendo la binadamu, kuna ukomo wa ajali. Jiko na sababu vimekosekana pamoja kwa kuwa vyote viwili vingemlazimisha mshairi aseme nani alifanya nini.

Tazama hata sarufi yake. Kila ubeti una mistari minne, kila mstari una mizani kumi, na mstari wa mwisho katika shairi zima hufunga kwa kina kimoja cha -ye. Sehemu kubwa ya vina hivyo ni kitenzi cha Kiamu chenye -iye, yaani hali iliyokwisha kutokea na sasa imetulia. Ubeti kwa ubeti tunapewa vitu vilivyokwisha kuwa: vimepambwa, wamelala, wameshuka, vimegeuka. Ni kitenzi chenye huzuni nzuri mno masikioni, na kinafaa kabisa kwa magofu. Lakini ni kitenzi cha matokeo. Hakina jasho ndani yake. Utenzi wa Mwana Kupona, kwa kulinganisha, umejaa amri: fanya hiki, usifanye kile. Vitenzi vyake bado vina kazi ya kufanywa. Nafikiri tofauti hii ya sarufi kati ya sayyid na mwanamke mgonjwa inatufundisha kuhusu anasa ya mji ule kuliko kurasa kumi za nadharia.

Nisieleweke vibaya. Mwana Kupona pia ananyamazia mambo makubwa. Siyu yake ilipigana na majeshi ya Sayyid Said miaka ya 1840 na ikawashinda, na mumewe alikuwa miongoni mwa viongozi wa upinzani huo. Katika utenzi hakuna bunduki hata moja. Kuna udi asubuhi na udi jioni. Huenda ndiyo njia yake ya kusema kwamba nyumba lazima inukie hata mji ukizingirwa. Lakini ni ukimya pia, na mhakiki asiutazame ukimya wa mmoja akasahau wa mwingine.

Kutoka Pate hadi kwenye kasri

Swali la nani alipika lilingoja muda mrefu, na lilipojibiwa lilijibiwa katika mji mwingine wa biashara, Unguja, ule uliorithi nafasi ya Pate. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1978, tunaingia kwenye jumba la bwana kwa mlango wa mtumishi. Kijakazi, mwanamke aliyetumikia hapo maisha yake yote, ndiye anayetubeba. Kwa mara hii tunaijua kazi, tunaujua uchovu, na tunajua nani aliye chini na juu ya bwana. Sababu nazo zimo: mashamba, ukoloni, usultani, na Mapinduzi ya mwaka 1964.

Wenzetu wengi wangeishia hapa na kutangaza kwamba fasihi imekomaa, swali limekwisha. Mimi sisemi hivyo. Adam Shafi alilipata jiko, lakini katika kasri lake sahani zimepoteza uzuri. Anasa humo ni uovu mtupu, hivyo msomaji haelewi kwa nini mtu mwenye akili angeilinda, angeitamani, au kama Kijakazi mwenyewe, angejivunia kuitumikia. Utiifu wa Kijakazi unabaki kama ujinga wa kuponywa na wanaojua zaidi. Sidhani kama ni hivyo tu. Mtu aliyekuna nazi miaka arobaini ana fahari na wali wake. Mikono iliyonakshi mto wa kijani ilijua kwamba ule mto ni mzuri, na huenda ilijua zaidi kuliko kichwa kilichoulalia. Tukisema uzuri wote ulikuwa wa bwana, tumemnyang'anya mtumwa mara ya pili: kwanza kazi, sasa na ustadi.

Basi tuna mashahidi watatu na kila mmoja ana kipande. Sayyid Abdalla ana uzuri bila mikono. Mwana Kupona ana mikono, lakini ya bibi wa nyumba peke yake. Adam Shafi ana mikono ya mtumishi bila uzuri. Kazi inayovikusanya vipande vyote vitatu ndiyo ninayoitafuta, na hata riwaya zetu za karibuni, kwa maoni yangu, bado zinaikaribia kwa mbali.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba anasa ya Pate katika Al-Inkishafi imesimuliwa kwa mapenzi makubwa na kwa upofu wa aina maalumu, na kwamba mapenzi hayo na upofu huo vimetoka katika nyumba moja. Ukiliita shairi la mauti tu, unakosa mapenzi. Ukiliita kilio cha mabwana tu, unaukosa ustadi wake, na huwezi kueleza kwa nini sisi, ambao hatukuwa mabwana, bado linatutoa machozi.

Na jambo hili linatuhusu. Wengi tunaotoka mwambao tunazungumza kuhusu "ustaarabu wetu" kana kwamba babu zetu wote walikuwa wamelalia ile mito miwili. Utumwa ulifutwa kisheria katika Kenya mwaka 1907, si zamani sana. Wapo kati yetu ambao bibi wa bibi yao alikuwa kwenye kidari cha meko na si kitandani, na nyumbani hakuna anayelitaja. Tunalirithi shairi la sebuleni tukalifanya kumbukumbu ya familia ambayo pengine si yetu. Hilo ndilo linalonifanya niulize nani alipika, na ndilo linalonifanya nisikubali kuambiwa kwamba swali hili ni la wanahistoria.

Nina pendekezo kwa wenzangu na kwa wahadhiri wetu. Fasihi ya jikoni haikupotea yote. Kuna nyimbo za kutwanga, kuna nyimbo za arusini zinazoimbwa na wapishi, kuna misemo ya chungu na mwiko, kuna kanga zenye maneno makali kuliko uhakiki wetu. Muhula ambao tunaifundisha Al-Inkishafi, tusome pamoja nayo tungo hizo. Tuwaulize akina mama wa Pate, Siyu na Faza walipokuwa wadogo walikuwa wakiimba nini kinuni. Miji yao bado ina watu, na vinu bado vipo. Mwanafunzi mmoja akirudi na wimbo mmoja wa kutwanga, tukauweka mezani pembeni ya vikombe vya Sayyid Abdalla, semina hiyo mimi sitaikosa.